Kisio Moja kila Muhula

Mpaka leo sijaamua kama Mwalimu wetu wa utafiti alikuwa na akili kutuzidi sote au alikuwa mtu wa kushikwa mkono na kuvushwa barabara. Nimewahi kuapa kwamba ni hili, kesho yake nikaapa kwamba ni lile. Sisi tuliosoma kwake tukikutana hubishana juu yake mpaka chai inapoa, na hakuna anayeshinda.

Jambo moja halina ubishi. Mke wake alikuwa amerudi kwao, ng'ambo ya mpaka wa Malaba, upande wa Tororo, na Mwalimu alimtaka arudi. Alimtaka sana. Hakuwahi kulitamka hivyo kwa mdomo wake, lakini chuo kizima kilijua, kuanzia mkuu wa chuo hadi mpishi, na sisi wanafunzi wake tulijua kuliko wote, kwa sababu tulifundishwa kwa jambo hilo hilo.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kando ya barabara ya Nambale. Uhuru ulikuwa bado unanukia upya, shule zinafunguliwa kila kijiji, na walimu walitakiwa haraka. Hata hivyo hukupewa cheti mpaka uandike karatasi ya utafiti, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuandika kitu kirefu kupita barua ya kuomba kazi. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kuandika dai, yaani ile sentensi moja inayobeba karatasi nzima, na kuandika kisio, yaani ile sentensi unayoiweka mbele kabla hujaenda kuwauliza watu. Siku hizi wasomi wanaita nadharia tete. Yeye alisema kisio, nasi tukasema kisio, na wapo waliomaliza mwaka bila kujua kisio linaishia wapi na dai linaanzia wapi.

"Kisio unakwenda nalo shambani," alikuwa akisema. "Dai unarudi nalo. Ukirudi na lile lile ulilokwenda nalo, nitakuuliza kama kweli ulikwenda."

Alipaswa kufundisha kwa Kiingereza, na alifundisha kwa Kiingereza, ila akifurahi au akikasirika alirukia Kiswahili. Kwa hiyo karibu kipindi kizima kilikuwa Kiswahili.

Alivaa kaptula ya khaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na soksi zilizofika magotini. Baiskeli yake aliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kuipanda, kisha akaipanda dakika chache tu kwenye vumbi lile lile hadi darasani. Kwenye karatasi zetu aliandika kwa wino mwekundu maneno machache sana. "Nani?" "Wapi?" Na lile tuliloliogopa kuliko yote, "Na kama sivyo?" Ungeweza kuandika ukurasa mzima ukatoka jasho, ukarudishiwa na hayo maneno matatu tu pembeni. Kuna mwenzetu aliyekuwa akiyaota.

Dai langu la kwanza lilisema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Nililiandika kwa mwandiko wa kuringa nikampelekea ofisini, nikasubiri kupigiwa makofi. Akalisoma. Akaangalia nyuma ya karatasi kama kuna kingine.

"Nani anabisha?" akaniuliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Una hakika? Kesho ni siku ya soko Nambale. Nenda utafute mtu mmoja anayebisha, uniletee jina lake na anakokaa."

Nikaenda. Nilianza kwa mama mmoja muuza samaki wakavu, mwanamke mnene aliyekuwa akiwafukuza nzi kwa khanga. Nikamwuliza kama anaamini kwamba elimu si ufunguo wa maisha.

"Wee kijana, nani amekutuma?" akasema. "Hiyo ni swali ya mtu mwenye amekula asubuhi? Kama hununui samaki, ondokea watu jua."

Nilizunguka soko zima nikatukanwa kwa lugha za kutosha. Niliporudi nikamwambia Mwalimu kwamba sikupata hata mmoja. Akanirudishia karatasi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kama hakuna anayebisha basi hakuna ninachosema, na kwamba nilikuwa nimekwenda Nambale kutangaza kwamba maji yana unyevu. Nilikasirika siku nyingi. Hasira yenyewe ndiyo iliyoniandikia sentensi ya pili.

Sentensi ya pili ilisema hivi: treni ndiyo inayowatoa wavulana shuleni Malaba. Kila mtu mpakani alikuwa na maneno hayo mdomoni. Wavulana wanaacha madaftari, wanakimbilia stesheni kubeba mizigo, wanaonja peremende, hawarudi. Mwalimu alipoisoma alisimama, akaizunguka meza yake mara kadhaa, akapiga karatasi kofi.

"Hii inaweza kupigwa ikaanguka! Sasa una sentensi. Nenda uipige."

Nikamwambia nilidhani kazi yangu ni kuitetea. Akanitazama kwa huruma. Alisema mlango ni mlango kwa sababu unaweza kufungwa. Ukifunguka tu na haufungiki, hilo ni tundu la ukuta. Niliandika maneno hayo, nikayarudia kitandani usiku, na sikuyaelewa.

Nilikwenda Malaba kuuliza, kisha nikaenda vijiji vya Amukura, mbali na reli, kuona kama huko wavulana wanabaki darasani. Hawakubaki. Waliondoka vilevile, tena wengi, na waliondoka msimu wa kuchuma pamba. Pamba ikiisha walitaka kurudi, wakaona wenzao wamewaacha mbali katika hesabu, wakaona pia fimbo ya mwalimu inawangoja mlangoni, wakageuza. Treni ya watu haikuwa na kosa. Nilirudi chuoni nikijua kwamba nimekwisha. Karatasi yangu ilikuwa imeanguka, cheti kimeanguka, na nyumbani walikuwa wameshaanza kuniita mwalimu.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Mwalimu akanikumbatia. Mtu mzima, soksi magotini, akanikumbatia ofisini mlango ukiwa wazi, akaita wenzangu waje waone kisio lililoanguka vizuri. "Tazameni," akasema, "huyu amekwenda shambani kweli!" Kisha, baada ya shangwe yote hiyo, akanipa alama za kupita tu, hata moja ya ziada hakuniwekea, kwa sababu niliandika "watu wanasema" mahali pawili. Hayo ndiyo mambo ninayoyasema. Sikujua nimshukuru au nimchukie, na mpaka sasa nafanya vyote viwili.

"Watu wanasema" ilikuwa haramu kwake. "Watu gani? Nyumba ya nani?" Lakini mkute jioni pale kwenye hoteli ya chai Nambale, ndipo utajua Mwalimu ni nani. Hakuna mtu aliyepokea uvumi kwa mikono miwili kama yeye. Nani amekimbia na binti wa nani kule Marachi, ng'ombe wa nani ameonekana ng'ambo, yote aliyameza bila kutafuna na kuyapeleka mbele yakiwa yamenenepa. "Labda" pia alituharamishia, na yeye mwenyewe nje ya darasa hakumaliza sentensi bila labda. Na siku tuliyotakiwa kwenda Busia kutembelea shule, alijikwaa mguu wa kushoto kwenye kizingiti, akatangaza kwamba safari imekufa. Mmoja wetu akauliza, kwa adabu, kama Mwalimu amewahi kulijaribu jambo hilo la mguu wa kushoto. Akamjibu, "Nani ana muda wa kujaribu kila kitu?" Tukashinda chuoni.

Sasa nije kwa mwanamke fulani.

Alipotaka kutufundisha jinsi ya kujenga kisio, Mwalimu aligeukia ubao na kuandika, "Mwanamke fulani ameondoka kwa mume wake. Kwa nini?" Mara ya kwanza tuliangalia madawati. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Yeye aligeuka na chaki mkononi, uso wake mkavu wa mtu anayetaka jibu la hesabu, akatuambia tutoe makisio. Tukatoa, tufanye nini? Mmoja akasema labda maji yalikuwa mbali. "Ondoa labda," akasema Mwalimu, akaandika: mwanamke fulani ameondoka kwa sababu mto uko mbali. "Tutalijaribuje?" Tukasema, mume achimbe kisima, aone kama atarudi. Akatikisa kichwa, akaandika na hilo.

Likizo ile alichimba kisima. Tulipofungua chuo tulikikuta, kizuri, kina mfuniko. Alimtuma mama mmoja aliyekuwa akivuka na ndizi kila wiki akamwambie mkewe kwamba kisima kipo na maji yake ni matamu. Mama yule akaleta jibu. Jibu lilikuwa neno moja, "Amesikia."

Mwalimu akaliandika ubaoni. Amesikia. Akatutaka tulifasiri. Tulibishana kipindi kizima kama hilo ni ushahidi wa ndiyo, ushahidi wa hapana, au si ushahidi kabisa. Mimi nilisema ni dalili njema. Nilisema hivyo kwa kumwonea huruma, na nadhani alijua, kwa sababu aliniandikia "Na kama sivyo?" kwenye zoezi lililofuata ambalo halikuhusu kitu chochote cha namna hiyo.

Muhula uliofuata kisio lilikuwa kwamba paa la nyasi lilivuja. Akaezeka mabati. Jibu likaja, "Amesikia." Muhula mwingine kisio lilikuwa kelele za taipureta. Alikuwa amenunua taipureta kuukuu kwenye duka moja Busia, na kila jioni aligonga mpaka majirani wakalalamika. Akaihamishia ofisini chuoni, sasa sisi ndio tukawa hatulali. "Amesikia."

Tulianza kumpenda, kusema kweli. Tulianza pia kumwona mjinga. Siku moja mwenzetu mmoja akachoka, akasimama.

"Mwalimu, hivi vitu si mume angefanya yote mara moja? Achimbe, aezeke, anunue na kitanda, amalize?"

"Halafu mwanamke akirudi," akasema Mwalimu, "nitajuaje kilichomrudisha ni kipi? Badilisha kitu kimoja. Subiri. Angalia. Ndipo ubadilishe kingine."

"Lakini si akirudi amerudi?"

Mwalimu alikuwa amesema "nitajuaje", na kila mtu alisikia. Alifuta ubao polepole, hata pale palipokuwa hapajaandikwa kitu, akasema kipindi kimekwisha. Kengele ilikuwa bado sana.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja mtu mzima wa Amukura, aliyekuwa na watoto wake tayari, alipomfuata nje. Nami nikawafuata, maana nilitaka kusikia. Alimweleza jambo ambalo kila mtu wa pande zetu, Mluhya kwa Mteso, alilijua. Mke akirudi kwao, mume hatumi salamu na hachimbi visima. Anamtafuta mzee wa kumsindikiza, anakamata mbuzi, anakwenda kukaa kwa wakwe, na kabla ya neno lingine lolote anasema, nimekosa.

"Nimekosa nini?" akauliza Mwalimu.

"Hiyo watakuambia huko, Mwalimu. Wewe sema kwanza."

"Yaani nikubali kwanza, ushahidi uje baadaye?"

"Ndiyo desturi."

"Basi desturi imeanza na dai ikamaliza na swali. Imeshika ng'ombe mkia." Akapanda baiskeli. Sijawahi kumwona mtu amekasirika hivyo akiwa na uso wa kuogopa hivyo. Akaenda zake, na muhula uliofuata alipaka nyumba chokaa.

Mimi nilipata cheti changu na kupangiwa shule Malaba. Nikaoa. Nilikuwa nikipata habari zake kwa wanaopita. Alikuwa amefika kwenye jiko. Alikuwa amefika kwenye miti ya kivuli. Yule mama wa ndizi aliendelea kuvuka na kurudi na neno lake lile lile, na nikimwona njiani nilikuwa nasikia uchungu moyoni, kisha nacheka, kisha naona aibu kwa kucheka.

Halafu Jumamosi moja, miaka ya sitini ikielekea kuisha, nikamwona Mwalimu amesimama nje ya nyumba yangu. Kaptula ile ile, nywele zimeanza mvi. Mkononi ameshika kamba, na kwenye kamba yupo mbuzi.

Nilimkaribisha, akakataa kuketi. Akasema mzee jirani yake aliyeahidi kumsindikiza ameamka na homa.

"Umeshaoa?" akaniuliza.

"Nimeoa, Mwalimu."

"Basi wewe ni mzee. Twende."

Siku zile mpaka ulikuwa daraja na askari wachache wanaokuuliza habari za nyumbani. Tukavuka. Njiani nilimwuliza kama amegundua sababu. Nilidhani baada ya miaka yote ile amepata jibu, ndiyo maana amekamata mbuzi.

"Sijui," akasema. "Sijui kitu. Nimemaliza makisio." Akamvuta mbuzi. Nikashika kamba nimsaidie.

Kwa wakwe tulipokewa na shemeji yake mkubwa, maana baba wa nyumba alikuwa ameshafariki. Mama mkwe hakujitokeza, na hakupaswa kujitokeza mbele ya mkwewe. Tulisikia tu kikohozi chake jikoni. Mbuzi akafungwa nje. Tukakaa. Mwalimu akaweka mikono juu ya magoti, akasema kwa sauti niliyoizoea ubaoni, "Nimekosa."

Nikangoja tuambiwe. Nakiri nilisogea mbele kwenye kiti. Miaka yote ile, visima na mabati na taipureta, na sasa jibu lilikuwa mdomoni mwa mtu aliyeketi mbele yetu.

Shemeji akakuna kidevu. "Vizuri, mwalimu. Sasa tuambie. Ulikosa nini?"

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Nilidhani nyinyi ndio mtaniambia," akasema.

"Sisi? Sisi tutajua namna gani? Huyu dada yetu alikuja na kikapu yake, akasema nimekuja. Tukamwuliza kuna nini, akasema mwulizeni yeye. Na wewe hukukuja. Tumekaa hapa tunakungoja wewe utuambie."

Kichwa kilianza kuniuma. Watu wawili wenye akili zao mume na mke, walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake wa mpaka, miaka, kila mmoja akingoja mwenzake alete sababu. Kisha sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni, kali, "Huyo mbuzi anakula nguo zangu!" na shemeji akatoka mbio kumhamisha.

Aliporudi alikuja na mwanamke fulani mwenyewe. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilikuwa nimemjenga kichwani, mwembamba, mwenye huzuni. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na alituletea maji ya kunawa na chai bila haraka yoyote.

"Huyu amesema amekosa," shemeji akamwambia. "Wewe unasema nini?"

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema. Na huyu mzee amesikia." Mzee ni mimi.

Akamtazama mumewe kwa muda. "Basi nitafunga vitu vyangu," akasema, akaingia ndani.

Mwalimu akafungua mdomo. Niliujua mdomo ule; nilijua hata wino wake. Nikaona swali limepanda mpaka kooni. Akaufunga, akachukua kikombe cha chai, akakinywa chote ikiwa bado moto mpaka machozi yakamtoka. Hakuuliza. Mimi nilikuwa karibu kuuliza kwa niaba yake.

Tulirudi jioni, jua bado lipo. Yeye alitangulia kubeba furushi la mkewe akaliweka kichwani, jambo lililowafanya wanawake tuliopishana nao wazibe midomo, kisha akabaki nyuma kwa uzito wake. Mimi na mama tukawa mbele. Tulitembea kimya, mpaka mimi, ambaye sikuzoea kimya, nikaanza kumsifia nyumba. Nikamwambia kisima ni kizuri, na mabati, na chokaa.

"Nilisikia," akasema.

Nikaona nimeharibu. Tukaenda kidogo.

"Wewe ulisoma kwake?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Huwa anawafundisha nini huko? Sijawahi kuelewa."

Nikafikiri jinsi ya kumweleza dai na kisio mtu aliyechoka na njia. "Anatufundisha kuuliza kwa nini, mama. Kuuliza watu, kusikiliza, na kuandika walichosema."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, akasimama katikati ya njia, na nyuma yetu nikasikia nyayo za Mwalimu nazo zimesimama.

"Mimi hajaniuliza," akasema.

Sikuthubutu kugeuka. Ng'ambo ya mashamba ya pamba treni ilikuwa ikipiga honi kuingia stesheni. Kisha nikasikia sauti ya Mwalimu, ndogo, si ile ya ubaoni kabisa, chini ya furushi.

"Basi nakuuliza."

"Si mbele ya mgeni," mkewe akasema, akaanza kutembea tena. "Utaniuliza nyumbani."

Tukavuka daraja. Niliwasindikiza mpaka kwenye basi, nikampandishia Mwalimu furushi, akanishika mkono, na sikujua kama anapaswa kunipongeza au mimi nimpongeze yeye. Wakaketi upande wangu. Kupitia dirishani nikamwona amemgeukia mkewe, midomo yake inacheza. Hakuweza kungoja hata wafike Nambale.